Hivi kwanini mwanamke wa Kihindi akivaa sari anaitwa mshamba, akivaa jinzi anaitwa kapotoka?

MwanaPune (#1)
Wakuu salaam. Hii kitu imenikaa kichwani muda mrefu, naomba wenye uelewa tujadili. Nimesoma Pune, India, na nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia moja ya Kimaratha, watu wema sana, wananiita beta kama mtoto wao kabisa. Pale ndani kulikuwa na mabinti wawili, umri unalingana elimu inalingana, mmoja mtoto wa nyumba na mwingine mke wa kaka yake. Mtoto wa nyumba asubuhi anapiga jinzi na tisheti anawasha skuta huyoo kazini, hakuna anayemuuliza. Wifi yake yeye ni sari au salwar kameez (suruali pana na kanzu juu yake), shanga nyeusi za ndoa shingoni, ile rangi nyekundu kwenye njia ya nywele, na baba mkwe akitokea sebuleni haraka haraka anavuta ncha ya sari anafunika kichwa. Na sio siku za sikukuu tu, ni kila siku, jikoni, na lile joto la mwezi wa tano.

Alipopata kazi wenzake ofisini wakawa wanamwita behenji chini chini, yaani mshamba hajachangamka. Akaanza kuvaa kurta, kanzu fupi, na jinzi, majirani wa ghorofa wakamfuata mama mkwe, mkweo mbona siku hizi anajiachia. Sasa mumewe anashinda na shati na suruali ya kizungu mwaka mzima na sijawahi kusikia mtu akimwambia ameacha mila za babu yake. Kwanini mzigo wote kabebeshwa mwanamke? Ni dini, ni wazee, au ni wanawake wenyewe kwa wenyewe?

Kasuku_Mweupe (#2)
Nimeweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.

KibokoYao (#3)
Dini mkuu, usizunguke. Uhindu una mambo yake na mwanamke ndo anayelinda heshima ya nyumba. Uzi ufungwe.

Bi_Kisutu (#4)
@KibokoYao usifunge uzi ambao hujaufungua. Mimi ni Mhindi wa Dar, Mgujarati, nimezaliwa hapa mama kazaliwa hapa. Dini haijaandika sari popote. Mungu wa kike kwenye picha anavishwa sari kwasababu wachoraji wa karne ya 19 walimchora hivo, ukienda kwenye sanamu za mawe za zamani utakuta nguo nyingine kabisa au nguo kidogo sana.

Na mjue sari yenyewe sio moja. Sisi Wagujarati ncha inapita mgongoni inakuja mbele begani kulia inafunuka kifuani, watu wengi wanaitupa nyuma begani kushoto, Wamaratha wazee wana ile ya yadi tisa inapita katikati ya miguu kama suruali, mwanamke anaweza kupanda farasi nayo. Kwahiyo mtu akikwambia sari ni mavazi ya Mhindi muulize ipi.

Lakini alichosema MwanaPune kuhusu binti na mkwe ni kweli tupu. Mimi nyumbani kwetu Upanga nilikuwa navaa gauni fupi baba hana neno, nilipoolewa tu mama mkwe akasema hapa kichwa kinafunikwa mbele ya wakubwa. Na yeye alifanyiwa hivohivo na mama mkwe wake aliyekuja na jahazi kutoka Porbandar. Hakuwa mkatili, alikuwa ananipa alichopewa.

Ngosha_Bengaluru (#5)
Nakubaliana na Bi Kisutu ila kwa ile ya wanawake wenyewe kwa wenyewe nina mashaka. Mama mkwe anasema kwasababu yeye ndo atasemwa kwanza. Ukifuatilia mnyororo mwisho wake unakuta wanaume wamekaa barazani. Huko Haryana na Uttar Pradesh magharibi kuna mabaraza ya wazee wa koo wanayaita khap, yamewahi kupiga marufuku jinzi kwa mabinti vijijini mara nyingi tu. Mwaka 2021 huko Muzaffarnagar wakapiga marufuku jinzi kwa wasichana na kaptula kwa wavulana, hiyo ya wavulana sijui ilifika wapi.

Na sio vijijini tu. Machi 2021 hiyohiyo waziri kiongozi wa jimbo la Uttarakhand, Tirath Singh Rawat, alisimama hadharani akasimulia mama aliyemuona kwenye ndege kavaa jinzi zilizochanika magotini, akahoji huyo atafundisha watoto wake maadili gani. Wanawake wa India wakajaza mitandao na picha za magoti yao. Waziri kiongozi kabisa, siku zake za mwanzo madarakani, anahangaika na magoti ya abiria.

Fundi_Cherehani (#6)
Mi nashona blauzi za sari hapa Kariakoo, wateja wangu Wahindi na Waswahili wa kitchen party. Niwape siri ya kazi. Sari haina kesi, ni kitambaa kirefu mita tano na nusu hivi mpaka sita, kinamtosha mnene na mwembamba. Kesi yote iko kwenye blauzi. Mgongo uchimbwe kiasi gani, mkono ufike wapi, kamba za kufunga nyuma ngapi, kitovu kionekane kisionekane. Binti anakuja na picha ya simu anataka mgongo wazi, mama yake yuko nyuma yake ananikonyeza nipandishe. Nikipandisha binti analia, nikiacha mama anarudi kugomba. Ikabidi nianze kuweka kitambaa cha ziada ndani ya mshono, wakikubaliana baadae nafumua.

Kwahiyo hata ndani ya hiyohiyo sari ya mila kuna ya heshima na isiyo ya heshima, na mpaka uko kwenye inchi.

Kasuku_Mweupe (#7)
Fundi weka namba ya duka hapa, mke wangu ana send-off ya mdogo wake.

Fundi_Cherehani (#8)
Njoo inbox mkuu.

Dk_Nyuzi (#9)
Fundi kagusa penyewe, na hapo historia inaingia. Blauzi na gagulo tunavyoviona leo kama asili ya sari vilishika sana kipindi cha Waingereza. Anayetajwa zaidi ni Jnanadanandini Devi wa Kolkata, shemeji yake mshairi Rabindranath Tagore. Mume wake Satyendranath ndo Mhindi wa kwanza kuingia utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni, 1863 alifaulu mtihani, akapangiwa upande wa Bombay. Mkewe akaenda nae, akaona wanawake wa Kiparsi wanavyofunga sari, akarudi Bengali na mtindo wa kuvaa blauzi na gagulo ndani na marinda mbele. Kabla yake mwanamke wa Bengali wa nyumba kubwa alikuwa anajizungushia sari peke yake, akiwa ndani hana tatizo, kutoka nje mbele ya wageni ndo shida. Familia za wasomi zikaiga.

Sasa angalia, wakati ule blauzi ilikuwa usasa, watu walimsema kwa kuiga wageni. Leo hiyohiyo ndo mila na anayeikataa anasemwa. Kwa maana hiyo mi naona tatizo ni ukoloni, aibu ya Kivictoria iliingizwa ikapewa jina la utamaduni wa Kihindi.

Mzee_wa_Kerala (#10)
@Dk_Nyuzi hapo utakuwa umewabebesha Waingereza mizigo ya watu. Nimefanya kazi Thiruvananthapuram, kule Travancore ya zamani tabaka ndo lilikuwa linaamua nani afunike kifua. Mwanamke wa tabaka la chini hakuruhusiwa kufunika kifua mbele ya tabaka la juu, kuachia wazi ndo ilikuwa heshima eti. Wanawake wa Kinadar, tabaka la chini la huko, wakagoma, vurugu zikaanza miaka ya 1810 zikaenda mpaka 1859 ndo mfalme akatoa tangazo kuwaruhusu. Wamishonari wa Kizungu ndo walikuwa upande wa wale wanawake. Walivuliwa nguo sokoni, nyumba zikachomwa, kwasababu wamejifunika! Leo mjukuu wa hao hao anasemwa kwa kutojifunika. Na kuna yule mama aliyekata matiti yake kupinga kodi ya matiti, mnaikumbuka hiyo.

Dk_Nyuzi (#11)
Mzee wa Kerala asante, Unadar ni mfano mzito. Ila mambo mawili. Tangazo la 1859 lilisema wajifunike ila sio kwa mtindo wa wanawake wa tabaka la juu, yaani ruhusa yenyewe ilikuja na uzio. Pili hiyo habari ya kodi ya matiti ni simulizi ya mdomo ya kijiji kimoja, wanahistoria wanabishana sana kuihusu, tusiichanganye na ya Wanadar ambayo ina nyaraka.

Mzee_wa_Kerala (#12)
Simulizi ya mdomo nayo ni ushahidi mkuu, watu wa chini nani aliwaandikia nyaraka? Lakini sawa tuiweke pembeni. Hoja yangu inabaki, ni tabaka.

shangazi_Likoni (#13)
Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, naona mnaongea Wahindi wa Kihindu peke yao. Mbona Mabohora, Waislamu wenye asili ya Gujarat, hamuwasemi? Hapa kwetu zamani mama wa Kibohora alikuwa havai hii rida, vazi la kujisitiri mpaka kichwani, ya rangi rangi na maua mnayoiona leo, nakumbuka walimu wetu wa Kibohora wakivaa gauni na sketi za kawaida. Rida imekuja kushika miaka ya 80 baada ya Sayyidna, kiongozi wao wa dini, kuhimiza. Sasa huyo bibi alievaa sketi ujanani na mjukuu wake anaevaa rida, nani wa kisasa nani wa kale? Mjukuu ana digrii na anaendesha gari.

Na Maismaili kinyume chake kabisa. Aga Khan wa tatu mwaka 1952 aliwashauri wanawake wake wa Afrika Mashariki waache mavazi ya Kihindi wavae gauni la kizungu. Watu wakafuata. Marehemu jirani yetu alikuwa akisimulia mama yake alivolia siku ya kwanza kutoka na miguu wazi, kisha baada ya muda mfupi ukimpa pachedi, ile shuka ya kujifunikia, haitaki tena.

Bi_Kisutu (#14)
Shangazi umenikumbusha mbali. Sisi Wahindu tulikuwa tunawasema wale Maismaili kwamba wamekuwa Wazungu, na huku tunawaonea wivu maana gauni linafuliwa mara moja linakauka. Nakiri wivu ulikuwepo mwingi.

KibokoYao (#15)
Kwahiyo narudi palepale, ni dini! Kiongozi wa dini kasema vaa wamevaa, kasema vua wamevua.

shangazi_Likoni (#16)
Mwanangu soma tena. Dini moja ya Kiislamu, madhehebu mawili ya Kishia yaliyotoka Gujarat hiyohiyo, mmoja kaambiwa hivi mwengine vile. Ingekuwa ni dini yenyewe wangevaa sawa. Ni kiongozi anataka jamaa zake waonekane vipi mbele ya serikali na mbele ya jirani. Mwaka 52 walikuwa wanatazama mbele, waonekane wenyeji wa huku.

Zuhura_Chennai (#17)
Mimi nilikaa Chennai kumuuguza mama, hospitali kila muuguzi na kila mfagiaji nawaangalia mavazi manake muda upo. Mtu ambaye hamjamtaja ni mwanamke maskini. Kwenye jengo lililokuwa linajengwa mbele ya dirisha letu wanawake wanabeba karai la zege kichwani wamevaa sari, juu yake shati la mwanaume lenye vifungo, la mikono mirefu. Kila siku. Nikauliza muuguzi mmoja akasema shati linazuia jua, sari isichafuke na ncha isiteleze wakiinama. Hakuna mtu anaandika gazetini kuhusu mila ya yule mama, hakuna anayemwita mshamba wala mlinzi wa utamaduni. Hukumu ni kwa wenye nafasi ya kuonekana tu. Huyu anayebeba zege kavaa shati la kiume nchi nzima imempita hajaonekana.

Kwangu mimi mnakosea wote, ni kazi na pesa. Sari ya hariri ya Kanchipuram inamkaa mtu mwenye gari na mtumishi. Kwenye treni ya asubuhi, marinda, pini, na mkono mmoja unashika ncha isidondoke, thubutu. Ndo maana salwar kameez ya Kipunjabi imesambaa mpaka kusini, sio kwa mapenzi ya Punjabi.

Ngosha_Bengaluru (#18)
Zuhura pole kwa kuuguza, natumai mama anaendelea vizuri. Hiyo ya salwar ni kweli na ina kichekesho chake, kusini salwar kameez ilipoingia ilionekana usasa wa hatari. Walimu wa Kerala wamelazimishwa sari na uongozi wa mashule kwa miaka na miaka, serikali ya jimbo ilishatoa waraka 2014 kwamba mwalimu avae nguo anayoona ni ya heshima, shule zikaendelea kukaza, mwezi wa 11 mwaka 2021 ikabidi watoe waraka mwingine. Hekaluni nako hivohivo, Guruvayur waliruhusu churidar, suruali ya kubana miguuni inayovaliwa na kanzu, 2007, pale Padmanabhaswamy wakaruhusu mwishoni mwa 2016 na haikukaa, mahakama kuu ikasema kuhani mkuu ndo mwenye kauli. Wanawake wakarudi kuzungushia kitambaa cha mundu juu ya churidar. Ukifika pale mlangoni kuna watu wanakukodishia kabisa.

Zuhura_Chennai (#19)
Mama kapona mshukuru Mungu.

MwanaPune (#20)
Nashukuru michango, sikutegemea uzi ufike huku. Ila niwarudishe kidogo kwenye upande wa pili wa swali, ule wa kuitwa mshamba. Septemba 2021 mgahawa mmoja Delhi ulimzuia mama mmoja mlangoni kwasababu kavaa sari, mfanyakazi anasikika kwenye video akisema sari sio smati kazho (smart casual). Kwenye nchi yake! Hapo hakuna mama mkwe wala khap wala kuhani. Hapo kuna nini?

Dk_Nyuzi (#21)
Hapo ndo ukoloni ninaousema. Na wanaume sio kwamba hawaguswi, Chennai Julai 2014 jaji wa mahakama kuu alizuiwa kuingia klabu ya kriketi kwasababu kavaa veshti, ile shuka nyeupe ya Kitamil. Klabu zina kanuni za mavazi toka enzi za Mwingereza.

Mama_Wawili_Leicester (#22)
@Dk_Nyuzi malizia habari. Jaji alipozuiwa, bunge la Tamil Nadu likatunga sheria baada ya kama mwezi mmoja tu, klabu ikizuia veshti inapoteza leseni. Mama wa sari alipozuiwa mgahawa ulisema yeye ndo alianza vurugu. Mwanaume akivuliwa heshima yake kwa nguo ni kesi ya taifa, mwanamke ni mjadala wa mtandaoni wa wiki moja kisha watu wanarudi kuangalia video upya kama sari ilimkaa vizuri.

Mi ni Mgujarati wa Nairobi, tuko hapa Uingereza toka mwishoni mwa miaka ya 60. Wahindi waliokuja hapa moja kwa moja kutoka India na sisi wa Afrika tulikuwa hatufanani hata kwa kuvaa. Mama alikuwa anavaa kardigani juu ya sari kituo cha basi, watoto wa Kizungu wanamtemea maneno, na kwenye hekalu wanawake wenzake wanamuuliza mbona binti zako wanavaa suruali. Hajawahi kupata sehemu ya kupumzika na nguo yake. Binti yangu leo anavaa sari kazini siku anayotaka, na raba chini, wenzake wanamsifia. Mama angekuwepo angemwambia vua raba.

Kasuku_Mweupe (#23)
Raba na sari hapo hapana dada, hata mimi namuunga mkono marehemu bibi.

Mama_Wawili_Leicester (#24)
Haya na wewe umeshaingia kwenye baraza la kuhukumu. Karibu kiti.

BintiWaPwani (#25)
Mimi swali langu dogo. Zile picha za wanawake wa shirika la anga la India 2014 chombo chao kilipofika Mars, wamevaa sari na maua kwenye nywele wanakumbatiana, dunia nzima ilishangilia ikijua ni wanasayansi, ingawa baadae shirika lilisema wale pichani ni watumishi wa ofisi na wanasayansi wa kike walikuwepo wengine. Kwangu ile picha ilinipa raha sana, manake tumezoea mwanasayansi ni mzee wa Kizungu na koti jeupe. Kwanini mnaongea kama sari ni kifungo tu? Kuna wanawake wanaipenda. Dada niliyesoma nae ana kabati limejaa za bibi yake, Banarasi ya harusi, bandhani, kila moja ana hadithi yake, akivaa anatembea tofauti kabisa.

Ngosha_Bengaluru (#26)
BintiWaPwani hakuna anayekataa uzuri wake. Lakini ile picha nayo ilitumika vibaya, watu wakaanza kuituma kwa mabinti vyuoni, angalia hawa wamefika Mars na sari zao wewe jinzi imekufikisha wapi. Hata wale mama hawakuulizwa. Wakapelekwa nyumba kwa nyumba kuwa fimbo ya kuchapia wengine.

Mzee_wa_Kerala (#27)
Na msisahau Karnataka 2022, mabinti wa Kiislamu wamefungiwa geti la chuo kwasababu ya hijabu, mahakama kuu Machi ikaunga mkono serikali, mahakama ya juu Oktoba majaji wawili wakagawanyika mmoja huku mmoja kule. Pale mwanamke anataka kuvaa vazi lake la asili anaambiwa sio sare. Aliyesema tatizo ni kulazimisha mila aje anieleze hii. Kule anavuliwa, Rajasthan anafunikwa.

KibokoYao (#28)
Hiyo ni siasa sio mavazi.

Bi_Kisutu (#29)
Na lini mavazi hayakuwa siasa? Hapahapa Tanzania vijana wa TANU 1968 walitangaza Operesheni Vijana, mini na suruali za kubana na wigi marufuku kuanzia Januari 1969, dada zetu wa Kiafrika wakakimbizwa Kariakoo. Sisi Wahindi tukawa tunavalishwa sari na wazazi sio kwa mila, kwa woga, ionekane nyumba hii haina mini. Mama yangu alisema vaa sari utoke salama.

Fundi_Cherehani (#30)
Hii ya mwisho sikuijua kabisa, baba alikuwa fundi hapa miaka hiyo alikuwa anasimulia alivyokuwa anashusha pindo za sketi usiku kucha, nilidhani ni biashara tu.

MwanaPune (#31)
Kuna jipya. Nimempigia yule wifi wa Pune nikamweleza huu uzi. Kasema kwanza mnamsema bila yeye kuwepo. Pili baba mkwe alishamwambia muda tu aache kufunika kichwa, yeye ndo anaendelea mbele ya wageni, kwasababu wageni wakiondoka mama mkwe ndo atabaki anapigiwa simu na ndugu wa kijijini na mama mkwe ana presha. Ofisini anavaa anachotaka. Kasema pia suala la nguo sio linalomuudhi zaidi, kinachomuudhi ni mshahara wake kupangiwa matumizi ya nyumba bila yeye kuulizwa.

Zuhura_Chennai (#32)
Si nilisema pesa!

Ngosha_Bengaluru (#33)
Hapana Zuhura, hapo kasema kuulizwa. Mamlaka. Pesa ni sehemu tu.

Bi_Kisutu (#34)
Wote wawili mnamtafsiri mwenzenu kama majirani wa ghorofani. MwanaPune mwambie ajiunge aandike mwenyewe, Kiingereza tutamtafsiria. Na mwambie hiyo ya mshahara aifungulie uzi wake, mimi ninayo ya kusema ndefu kuliko hii ya sari.